Mzee Aliyesema Mbili

Ukitaka kumuuliza mzee wa Kisii anaumwa kiasi gani, kwanza jiulize wewe ni nani kwake. Haya, nimeshasema. Mwenye haraka anaweza kwenda zake, simu yake inamngoja. Mwenye nafasi avute kiti, maana jambo hilo nililijifunza kwa mguu wa mtu, na mguu wenyewe haukuwa wangu.

Huku Nyansiongo wananiita Mama Kemunto. Wodini nilikuwa Sista Callen, miaka thelathini na ushei, mingi yake katika wodi ya mifupa ya wanaume. Sasa nimestaafu. Nina ng'ombe watatu wa maziwa na magoti mawili yasiyosikizana. Nyinyi wanafunzi wa uuguzi mkija kunitembelea, mnakunywa maziwa yangu halafu mnaniuliza, "Sista, zamani mlipimaje maumivu bila mashine?" Mimi hucheka mpaka ng'ombe wanageuka. Kwani leo mnayo mashine? Mna ya presha, mna ile ya kubana kidole kupima hewa ya damu, lakini ya maumivu sijaiona. Mpaka leo ni mtu anamuuliza mtu, na mtu anajibu anachotaka.

Nilipoanza kazi hatukuuliza kabisa. Tulipima kwa kelele. Anayepiga mayowe anaumwa, aliyenyamaza amepata nafuu, na sindano ilitolewa kwa saa ya ukutani. Mkuu wetu wa wodi, Sista Atieno, mama wa kutoka kando ya ziwa, mrefu, mwenye sauti ya kusimamisha mtu mlangoni, hakupenda mtindo huo. Akipita asubuhi alikuwa akiniambia, "Callen, huyo anayelia ana nguvu za kulia. Niambie habari za yule asiyelia." Nilikuwa naitikia "ndiyo Sista" na kuendelea na kazi yangu.

Kisha wakatuletea karatasi. Mstari mmoja, sifuri upande huu, kumi upande ule, na juu yake nyuso sita, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia. Tulifundishwa nusu siku, tukapewa soda, tukarudi wodini tukijiona wataalamu. Jamani, ile karatasi ilituchekesha! Kule wodi ya wanawake, nilikopelekwa kusaidia, kulikuwa na bibi mmoja Msabato, kila siku ukimuuliza anasema saba. Nyonga ikiuma, saba. Nyonga ikitulia, saba. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, mbona hushuki wala hupandi?" Akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, saba ndiyo siku ya Bwana. Nichague nyingine ya nini?" Mwingine alikuwa mkulima wa ndizi, akataka kujua kumi ni ya nani. Nikamwambia ni maumivu makubwa kuliko yote. Akafikiri, akasema, "Hiyo waachie wanawake wanaozaa. Mimi nipe nne." Na wodi ya watoto ndiyo msiseme. Wao huchagua uso unaocheka, kwa sababu wamesikia anayecheka huruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto ukitaka ukweli wake, mtoe mama pembeni, mpe mwanasesere akuonyeshe juu yake pale panapouma, halafu umwambie kabisa kwamba jibu lake halitamzuia kurudi kwao.

Tulicheka, lakini tuliiamini karatasi. Nambari ikishaandikwa kwenye faili inakaa hapo na uso mkavu, hakuna anayeibishia. Mimi niliiamini kuliko wote.

Ndipo akaja Mzee Ombasa.

Alikuwa mtu wa upande wa Kenyenya, amepita miaka sabini, mwembamba, na kofia ya kahawia ambayo hakuivua hata kitandani. Ujana wake wote alikuwa karani wa kupima majani kwenye kituo cha chai. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, akateleza kwenye mteremko wa chai yake mwenyewe, mfupa wa muundi ukavunjika chini ya goti. Walimfunga plasta kutoka juu ya goti mpaka kwenye wayo, vidole tu vikiachwa nje, wakamleta kwangu alasiri plasta ingali mbichi.

Kwetu huwezi kumpokea mtu mzima bila kujuana. Nikamwandalia kitanda huku tukizungumza Ekegusii.

"Wewe, umeolewa wapi?" akaniuliza.

"Kwa Ogeto, baba. Ng'ambo ya mto."

"Ogeto yupi? Yule mwenye kovu kwenye paji?"

"Huyo huyo. Mimi ni mke wa kifungua mimba wake."

Akaishika kofia yake. "Ogeto tulitahiriwa naye mwaka mmoja."

"Kumbe!" nikasema kwa sauti, wodi nzima isikie. "Basi wewe ni baba mkwe wangu!"

Nilijiona nimefanya jambo zuri. Mgeni amepata jamaa, atatulia. Mzee akavuta blanketi akalifikisha kifuani, akageuza uso upande wa dirisha. Nikadhani anasikia baridi, nikamwongezea la pili.

Nyinyi mliozaliwa mjini labda hamjui, basi niwaeleze. Sisi Wagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni ile heshima ya kuoneana haya, kati ya mzazi na mtoto wake, na zaidi sana kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, au mama mkwe na mume wa bintiye. Hawashikani, hawazungumzi mambo ya mwili, hawaonani wakiwa hawana nguo ya heshima. Babu au bibi na mjukuu wake hawafungwi nayo, hao huambiana lolote. Na rika la mtu ni sawa na ndugu yake, kwa hiyo mke wa mtoto wa Ogeto ni mkaza mwana wa Ombasa pia. Haya yote nilikuwa nayajua tangu utotoni. Nililelewa nayo. Lakini nikishavaa lile gauni jeupe nilidhani limeyafunika, na kumbe nilikuwa nimeyavua mwenyewe nikayaweka mezani kwa mdomo wangu.

Kitanda cha jirani kilikuwa na kijana wa bodaboda, Duke, kutoka Ekerenyo. Alikuwa amekwepa mbuzi akaingia mtaroni, mkono wa kulia ukavunjika pawili. Huyo Duke, Mungu ambariki, alikuwa na sauti! "Sista! Kumi! Andika kumi! Hakuna ya juu zaidi hapo?" Ukimgusa shuka, kumi. Ukipita na toroli ya chakula, kumi. Dawa nilimpa kama ilivyoandikwa, lakini moyoni nilikuwa nimemdharau. Nilijiambia kijana mzima, mdomo mrefu kuliko jeraha.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili, nikaanza raundi na karatasi yangu. Duke, kumi. Mzee Ombasa je?

"Baba, kutoka sifuri mpaka kumi?"

"Mbili," akasema, macho yakiwa dirishani.

Nikaandika mbili. Na hapo nikafanya kitu ambacho nikikikumbuka mpaka leo nasikia joto masikioni. Nikamgeukia Duke mbele ya watu wote: "Unamwona baba? Amevunjika mguu, umri wake mara tatu yako, na anasema mbili. Jifunze uanaume!" Wodi ikacheka. Mzee hakucheka. Mnaona nilichofanya? Nilikuwa nimeshamfunga mdomo kwa ukwe, sasa nikampigia na kufuli. Nani tena angeshuka kutoka kwenye sifa hiyo?

Saa sita nikarudi. "Mbili," akasema. Uji wake wa asubuhi ulikuwa bado kwenye kikombe, umeganda ngozi juu. Kanuni ilikuwa nitazame vidole vya mguu: rangi, joto, kama vinacheza. Mtu yeyote wa plasta mpya ni lazima umwangalie vidole. Nikashika pindo la blanketi, mzee akalishika upande wake. Mimi nami nikaona haya. Nikaachilia. Nikajiambia mwenye mbili hana neno, nikaenda kitanda kinachofuata.

Saa tisa nikiwa mezani naandika, nikasikia sauti ya Duke inaitikisa wodi. "Sista! Sista!" Nikajibu bila kuinua kichwa, "Duke, dawa yako ni saa kumi."

"Si mimi! Aki si mimi, ni sokoro! Njoo uone!"

Sokoro ni babu. Nikainuka. Duke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, mkono wake mzima umeshikwa na Mzee Ombasa, na vidole vyake vimebanwa mpaka vimekuwa vyeupe. Mzee alikuwa ameivua ile kofia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mdomoni mwake, ameiuma.

"Buda anakudanganya," Duke akasema, akimwonyesha mzee kwa kidevu. "Ameniambia mguu unawaka moto tangu asubuhi. Akaniambia nisikuambie. Sasa amenibana huu mkono mzima, atanivunja wa pili!"

Nikainama. "Baba, ni ngapi?"

Mzee akaitoa kofia mdomoni. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Akatazama dirisha. "Mbili," akasema.

Hata hapo! Nilisimama kama gogo. Duke ndiye aliyejua la kufanya. Akainamisha kichwa karibu na cha mzee, akasema taratibu kwa Ekegusii, na sauti ile sikuwahi kudhani anayo: "Sokoro, huyo mwache. Niambie mimi mjukuu wako. Ni ngapi?"

Mzee akafumba macho. "Kumi," akasema. "Imekuwa kumi tangu walipoleta uji."

Nikalitupa blanketi. Vidole vilikuwa vimevimba, vimepauka, baridi. Nikainua kidole gumba kidogo tu, na mzee akatoa sauti ambayo sitaieleza. Mguu ulikuwa umevimba ndani ya plasta na hauna pa kwenda, unajibana wenyewe, na nyama zilikuwa zinakufa kwa kukosa damu. Na dalili ya kwanza ya jambo hilo, watoto, dalili inayotangulia zote, ni maumivu. Maumivu ndiyo yangemwokoa, na mimi nilikuwa nimeyaandika mbili, mara mbili, kwa mwandiko mzuri.

Nikapiga kelele, tena mimi niliyekuwa nawacheka wapiga kelele. Daktari akaja mbio, plasta ikapasuliwa hapo hapo kutoka juu hadi chini, mzee akapelekwa thieta wakampasua ngozi ya muundi ili nyama zipate nafasi.

Nilipomaliza kumkabidhi nikaingia chumba cha mashuka nikalia. Sista Atieno akanikuta humo. Mlitarajia anikumbatie? Hamkumjua. Akafunga mlango, akanipa faili.

"Andika saa uliyoona vidole vyake mara ya mwisho."

"Leo sikuviona, Sista."

"Basi andika hivyo hivyo."

Nikaandika. Aliposoma akaketi juu ya rundo la mashuka, akashusha pumzi. "Callen, unajua kwa nini wazee wenu huniambia mimi ukweli? Si kwa sababu mimi ni mjanja. Mimi ni mtu wa ziwa. Wodi nzima sina baba mkwe. Wewe una wangapi?"

Nikahesabu kichwani, nikakuta ni karibu nusu ya vitanda.

Mguu ulibaki, haukukatwa. Nashukuru Mungu kwa hilo kila Sabato. Lakini wayo ulikufa ganzi, ukawa unaning'inia akitembea, ikabidi auinue mguu juu kila hatua. Mtu wa wayo huo hateremki tena kwenye mteremko wa chai. Kama ningelifunua blanketi saa mbili asubuhi, labda angeteremka. Labda. Hiyo "labda" nimestaafu nayo.

Alikaa nasi wiki nyingi. Siku moja nilipokuwa namfunga bendeji, Duke akishikilia taa kwa mkono wake mzima, mzee akaanza kusema akiitazama dari, kana kwamba anazungumza na Duke.

"Mimi nimepima majani ya watu maisha yangu yote. Mtu huleta kikapu, unakitundika kwenye mzani. Lakini huandiki kile mzani unachosema. Unaondoa kwanza uzito wa kikapu. Karani akisahau hilo, mzani ni mzima lakini hesabu ni mbovu."

"Ndiyo, sokoro," Duke akasema, akinitazama kwa jicho la pembe.

"Huyu mkaza mwana wangu alipima kikapu na majani pamoja. Na mimi nilikuwa nimekikalia kikapu. Kwa hiyo kosa tumegawana."

Niliendelea kuzungusha bendeji mpaka ikaisha, nikaanza kuifungua tena bila sababu.

Tangu siku hiyo nikajifunza kuondoa kikapu. Kwa mzee mara nyingi kikapu ni haya, na haya hupunguza nambari. Kwa kijana mara nyingi ni hofu, na hofu huiongeza. Msinielewe vibaya hapo, msije mkaniambia Callen alisema vijana ni waongo. Duke alikuwa na kumi ya kweli. Siku moja nilikaa naye nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: "Unaogopa nini?" Akaniambia anaogopa mkono hautashika tena usukani, na mama yake anamtegemea yeye. Nikamwita daktari amweleze picha ya eksirei mfupa kwa mfupa. Mkono utapona, utashika. Jioni hiyo hiyo, dawa ni ile ile, nikamuuliza ngapi. "Sita," akasema, naye mwenyewe akashangaa.

Na mzee msimuulize nambari peke yake. Muulize amelalaje. Amejigeuza mwenyewe? Chai ameimaliza? Muulize maumivu yanafanya nini: yanachoma, yanapwita, yanakeketa? Mzee asiyetaka kutaja nambari atakueleza kazi ya maumivu vizuri kabisa, kama anamweleza mwizi aliyemwona. Tazama kikombe. Tazama paji la uso ukimgeuza, hasa yule ambaye akili imeanza kumpotea na hawezi kueleza. Watu husema wazee wamezoea maumivu. Upuuzi! Wamezoea kunyamaza. Na vidole vya mguu wenye plasta vifunue hata kama mgonjwa ni baba yako mzazi. Ukiona haya, tafuta mwingine avifunue, lakini visilale bila kuonekana.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mwaka jana goti langu moja lilikataa kabisa, nikapasuliwa. Siku ya pili nilikuwa kitandani, na mkwe wangu, mume wa Kemunto, kijana mwenye adabu sana, amesimama miguuni pangu ameshika chupa ya chai. Akaja muuguzi, mwanamume wa umri wa wanangu, mpole, karatasi mkononi.

"Mama, kutoka sifuri mpaka kumi?"

Mkwe wangu akatazama chini. Mimi nikatazama dirisha.

"Tatu," nikasema.

Mimi! Mimi Callen, mwenye mdomo huu! Muuguzi akaandika tatu akaenda zake, na mimi nikabaki nimeuma meno, nikimwona Mzee Ombasa na kofia yake waziwazi. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu jambo hilo na bado neno jingine halikutoka.

Baadaye akapita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, msichana mdogo, sare inampwaya mabegani, amekuja kunipima joto tu. Akanitazama, akatazama chai yangu iliyopoa. Akamgeukia mkwe wangu: "Baba, tafadhali subiri nje kidogo." Akavuta pazia. Akafunua blanketi bila kuniomba radhi, akanigusa vidole vya mguu kimoja kimoja. Halafu akaketi kitandani, jambo ambalo mwalimu wake angemfokea, akasogeza kichwa chake karibu na changu.

"Magokoro," akaniita, bibi yake, na hata jina langu halijui. "Mimi ni mjukuu wako. Niambie."

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi na siwaandikii wakubwa wenu. Msiseme nyinyi bado ni wadogo, msingoje mpaka muwe masista wakuu ndipo mtuulize. Sisi wazee hatuwezi kuwaambia wakubwa wenu. Nyinyi tunaweza, na miaka hiyo yenu ya kuwa wajukuu haidumu.

"Tisa," nikamwambia, na machozi yakatoka. "Ni tisa, mjukuu wangu. Tangu jana."

Hakusema pole. Akafungua pazia, na nikasikia viatu vyake vikikimbia kwenye korido kwenda kuomba dawa.